Sanamu ya chuma si pambo, ni swali

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii hufunzwa katika kila shule nchini, na walimu huifasiri kuwa ni wito wa kuheshimu jasho la fundi. Tafsiri hiyo ni sawa. Lakini ndani ya methali hiyo mna jambo jingine ambalo aghalabu hatulitilii maanani: kwamba kitu kinachoelea mbele ya macho yetu kina habari nyuma yake, na jicho lisiloijua habari hiyo limeona nusu tu.

Nenda Kamukunji, jijini Nairobi, asubuhi ya siku yoyote ya kazi. Kabla hujawaona mafundi wa jua kali utazisikia nyundo zao. Pipa lililokuwa likibeba mafuta limepasuliwa, likanyooshwa, likafuliwa. Kufikia adhuhuri limekuwa jiko na karai. Sasa mwoneshe mwanafunzi wa kidato cha pili jiko lile, umwulize: hiki ni nini? Atakujibu bila kusita kwamba ni jiko. Mwulize tena: pipa limekwenda wapi? Hapo atanyamaza. Bati ni lilelile, hata rangi ya pipa bado yaonekana upande wa ndani, ila pipa halipo tena. Je, pipa lilikuwapo kweli, au lilikuwa jina tu tulilolipa bati lililokunjwa kwa namna fulani?

Swali hilo si la mchezo. Ni swali la uhalisi, yaani swali la kitu ni nini hasa kwa dhati yake, nalo limewashughulisha wanafalsafa tangu kale. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Aristotle alipotaka kueleza ni nini kinachokifanya kitu kiwe kama kilivyo, mmoja wa mifano aliyoichagua ulikuwa sanamu ya shaba. Alisema tutafute mambo manne: malighafi, ambayo ni shaba yenyewe, umbo lililotiwa katika malighafi hiyo, mkono wa aliyelitia, na kusudi alilolitilia. Ukiacha mojawapo hujakijua kitu. Ni ajabu iliyoje kwamba mwanafalsafa aliyetafuta mfano wa kueleza ulimwengu mzima aliupata kwa msubu shaba.

Hoja yangu leo ni kwamba Aristotle hakukosea mahali pa kutazama. Sanamu ya chuma, au ya shaba, au ya madini mengine yoyote, ni mwalimu mwema wa somo hili gumu la uhalisi, na shule zetu zimempa mwalimu huyo kazi ya kupamba lango. Tunaziona sanamu kama mapambo ya barabarani, tunapiga picha kando yake, tunaondoka. Hatuziulizi kitu, nazo hazituambii kitu.

Tuanze na namna ya kusubu shaba kwa nta, maana mbinu hiyo peke yake ni somo zima la falsafa. Fundi huanza kwa kufinyanga kiini cha udongo chenye umbo la jumla la kitu anachokitaka, tuseme kichwa cha mtu. Juu ya udongo huo huweka tabaka jembamba la nta, na katika nta hiyo ndimo anamotia ufundi wake wote: kope, masikio, mikunjo ya midomo. Kisha huifunika nta kwa udongo mwingine laini, tabaka juu ya tabaka, akiacha vijia vidogo vya kupitishia. Udongo ukisha kukauka, kalibu nzima hutiwa motoni. Nta huyeyuka, ikatiririka nje, ikapotea. Baina ya udongo wa ndani na udongo wa nje hubaki uwazi mtupu, na ni katika uwazi huo ambamo fundi humimina madini yaliyoyeyushwa. Yakisha kupoa huvunja udongo wa nje, na sanamu hutoka, moja pekee, kwa kuwa kalibu imevunjwa na nta haipo.

Hebu tutafakari. Kichwa kile hasa kilikuwa wapi? Kilikuwa katika nta? Nta imeshateketea. Kilikuwa katika shaba? Shaba ilipokuwa ikichemka haikuwa na umbo lolote. Kwa kitambo kifupi, baada ya nta kutoka na kabla ya shaba kuingia, kichwa kizima na kope zake zote kilikuwa ni uwazi uliozungukwa na udongo. Kilikuwa hakipo, nacho kilikuwa kimekamilika. Mwalimu wa Kiswahili anayehangaika kuwaeleza wanafunzi tofauti ya umbo na kiini hana haja ya kwenda mbali. Mfano ndio huo.

Mbinu hii ndiyo waliyoitumia mafundi wa Ife, mji mtakatifu wa Wayoruba katika kusini magharibi ya nchi ambayo leo ni Nigeria. Mwaka 1938, watu waliokuwa wakichimba msingi wa nyumba katika boma la Wunmonije, karibu na kasri la Ooni, mfalme wa Ife, walifukua vichwa vya madini zaidi ya 15, vingi vikikaribia ukubwa wa kichwa cha mtu halisi. Wataalamu huvihesabu kuwa vya karne ya 14 au mwanzo wa karne ya 15. Vingine vimesubiwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki na risasi; vingine ni karibu shaba tupu, ambayo huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 1,085 na ambayo ni taabu kuisubu kwa sababu haitiririki kwa wepesi katika kalibu. Sura zake ni tulivu. Mashavu yamejaa kiasi, midomo imefumba pasi na kukaza, na baadhi zimechorwa mistari myembamba inayoteremka uso mzima toka paji hadi kidevu. Mtu anayeziona kwa mara ya kwanza huhisi kwamba zikitaka zaweza kufumbua kinywa.

Lakini kisa ninachotaka kukisimulia kilitangulia ugunduzi huo. Mwishoni mwa mwaka 1910, mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Leo Frobenius alifika Ife. Huyu hakuwa mtu mjinga, wala hakuwa adui wa utamaduni wa Mwafrika. Alisafiri sana barani humu, akaandika mengi, na baadaye watu kama Léopold Sédar Senghor wakamsifu kwa kuufungulia ulimwengu macho. Huko Ife alioneshwa vichwa vya udongo vya ufundi mkubwa, na pamoja navyo kichwa kimoja cha madini, chenye taji, kilichohusishwa na Olokun, mungu wa bahari. Frobenius alikishika kitu chenyewe. Alikitazama, akakistaajabia, akauona uzuri wake. Kisha akaamua kwamba hakingeweza kuwa kazi ya mababu wa watu waliosimama pale mbele yake. Akatangaza kuwa amegundua mabaki ya Atlantis, koloni la Wagiriki wa kale lililopotea.

Naomba mwalimu mwenzangu alitafakari jambo hilo kwa makini, kwa kuwa ndilo kiini cha makala haya. Hapa palikuwa na mtu msomi, mwenye kitu mkononi, katika mji kilikosubiwa, miongoni mwa wajukuu wa waliokisubu. Na bado hakukiona. Haikuwa kwamba ushahidi ulipungua, wala macho hayakuwa na ila. Elimu aliyokuja nayo ilikuwa imeshamwambia mapema ni nini kinachoweza kuwako duniani na ni nini kisichoweza. Basi alipokutana na kisichoweza, aliona ni afadhali kukizulia bara zima chini ya bahari kuliko kuibadili elimu yake. Ujinga wa kutosoma una dawa, nayo ni kusoma. Ujinga unaoletwa na kusoma dawa yake ni ngumu zaidi.

Na kichwa hicho cha Olokun hakikuacha kuwatatiza wasomi. Mwaka 1949, wataalamu wa Uingereza waliokichunguza kile kilichokuwa kimehifadhiwa Ife walitoa hukumu kuwa ni nakala iliyosubiwa nyakati za karibuni, na kwamba chenyewe kimetoweka. Baadaye wakatokea wengine wakaipinga hukumu hiyo, wakasema ndicho chenyewe. Kipande ni kilekile kimoja, uzito wake ni uleule. Kwanza kikawa cha Kigiriki, kisha kikawa bandia, kisha kikawa halisi, nacho hakikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni watazamaji.

Kuna msanii mmoja ambaye jambo hili la mahali anaposimama mtazamaji amelifanya kuwa umbo linaloweza kuguswa. Anaitwa Julian Voss-Andreae, mzaliwa wa Ujerumani aliyesomea fizikia kabla ya kugeukia sanamu. Alipokuwa Vienna alikuwa miongoni mwa watafiti walioonesha, mwaka 1999, kwamba hata molekuli yenye atomi 60 za kaboni huweza kuenda kama wimbi na wala si kama punje. Baadaye alihamia Marekani, na mwaka 2006 akaunda sanamu aliyoiita Quantum Man. Ni mtu anayetembea, mkubwa kuliko mtu wa kawaida, aliyeundwa kwa mabamba mengi membamba ya chuma yaliyosimamishwa wima sambamba, kila moja limeachana na jirani yake kwa nafasi ndogo.

Ukisimama mbele yake utaona mtu mzito wa chuma, mwenye kifua, mapaja na nyayo. Anza kuzunguka polepole. Unapofika mahali ambapo macho yako yanaelekea sawia na makali ya mabamba, mtu yule hutoweka. Unaona miti iliyo nyuma yake, unaona anga. Kilichosalia ni mistari myembamba kama mvua. Piga hatua mbili zaidi, mtu amerudi.

Watu wepesi watasema ni kiini macho. La hasha. Walimu wa fizikia wanajua kwamba chuma chenyewe, hata kile cha reli, kiko hivyo hivyo. Mwaka 1911 Ernest Rutherford alieleza matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa jani jembamba la dhahabu: chembe nyingi mno zilizorushwa zilipenya jani hilo kana kwamba hapakuwa na kitu, na chache tu zikarudi nyuma. Ikabainika kwamba sehemu kubwa ya atomi ni uwazi, na karibu uzito wake wote umekusanyika katika kiini kidogo mno. Ugumu tunaoupata tunapogonga nyundo juu ya fuawe ni wa kweli, na uwazi huo pia ni wa kweli. Ajabu ni kwamba Rutherford naye, sawa na Aristotle, aliupata ukweli wake kwa kipande cha madini kilichofuliwa.

Tusije tukadhani, hata hivyo, kwamba haya ni mambo ya Vienna na Marekani tu. Turudi nyumbani. Katika mtaa wa Nairobi unaoitwa kwa jina lake, imesimama sanamu ya shaba ya Dedan Kimathi, kazi ya msanii Kevin Oduor. Ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu serikali ya kikoloni ilipomnyonga Kimathi katika gereza la Kamiti. Maelfu ya wanafunzi hupita hapo kila wiki. Ningependa waulizwe swali moja tu: Kimathi yupi ndiye wa kweli?

Swali hili lina sababu. Picha ya Kimathi iliyochapishwa mara nyingi kuliko zote ni ile iliyopigwa alipokamatwa mwezi Oktoba 1956. Amelazwa juu ya machela, amefungwa pingu, anamtazama mpiga picha. Kamera haikudanganya, mambo yalikuwa hivyo saa ile. Lakini nani aliyeshika kamera, na picha ile ilisambazwa kwa kusudi gani? Ilikuwa ni kuuambia umma kwamba yule mliyemdhani hashikiki, mtazameni sasa. Sanamu ya mtaani haitokani na saa yoyote iliyopigwa picha. Mtu yule amesimama wima, ameshika bunduki mkono mmoja na kisu mkono mwingine. Anayetaka ushahidi wa mahakama atachagua picha. Lakini je, mtu ni ile saa moja aliyoshindwa, au ni yale yote aliyoyasimamia kabla yake? Na ikiwa hata leo mahali alipozikwa hapajathibitishwa, basi ile shaba inafanya kazi ambayo mwili haukuruhusiwa kuifanya: inasimama mahali panapojulikana, jina likiwa limeandikwa, watu wakaweza kuifikia.

Sisemi kwamba sanamu haisemi uongo. Husema, na tena uongo wake una uzito kuliko wa karatasi, kwa sababu shaba hudumu. Sanamu ya Cecil Rhodes iliyowekwa katika Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 1934 iliwaambia vizazi vya wanafunzi kwamba nchi ile iko namna fulani na ni ya watu fulani, hata ilipoondolewa tarehe 9 Aprili 2015 baada ya wanafunzi wenyewe kukataa kuendelea kuambiwa hivyo. Hata sanamu ya Kimathi haituoneshi shaka zake, wala mabishano yaliyokuwamo msituni, wala wanawake waliopeleka chakula na habari. Kila sanamu ni hoja. Mwanafunzi aliyefundishwa kuitazama ataiuliza: unasema nini, kwa nini, na umenyamazia nini?

Bunduki ya Kimathi ni ya shaba, haiwezi kufyatuka. Lakini ziko sanamu zilizoundwa kwa bunduki zenyewe. Nchini Msumbiji, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimalizika mwaka 1992, na silaha zikabaki zimefichwa kila mahali. Mwaka 1995, Baraza la Kikristo la nchi hiyo, kwa uongozi wa Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Kianglikana, lilianzisha mpango wa kuwaomba watu wazisalimishe silaha hizo na badala yake wapewe baiskeli, cherehani na majembe. Silaha zilikatwakatwa zisiweze kutumika tena, na baadhi ya vipande vikapewa wasanii wa Maputo. Mwaka 2001, Cristóvão Canhavato, ajulikanaye kama Kester, alivichomelea vipande hivyo pamoja akatengeneza kiti cha enzi. Leo kiti hicho kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la British Museum huko London.

Miguu yake, mikono yake, mgongo wake, vyote ni sehemu za bunduki, nazo hazikuundwa Msumbiji. Zilitoka ng'ambo, kwa pande zote mbili zilizokuwa zikizozana duniani wakati ule. Juu ya mgongo wa kiti, vitako vya bunduki vina mashimo ya skrubu na ya mkanda, na ukivitazama vizuri utaona kama nyuso mbili, zina macho na kinywa, zinatabasamu. Msanii hakuzichonga nyuso hizo. Alizikuta, akachagua kuziacha zionekane.

Basi kitu kile ni nini? Ni bunduki? Haziui tena. Ni kiti? Ni nani atakayekaa juu yake kwa raha? Katika Afrika kiti cha enzi ni alama ya mamlaka, na hapa mamlaka hayo yameketishwa juu ya kilichoyasimika mara nyingi: mtutu. Na jambo linazidi kuwa zito tukikumbuka kwamba bendera ya Msumbiji, toka mwaka 1983, ina picha ya bunduki aina ya AK-47, alama ya mapambano yaliyouondoa ukoloni wa Wareno. Bunduki moja: kwa mmoja ni uhuru, kwa mwingine ni mauti ya ndugu, kwa wa tatu ni chuma chakavu cha kubadilisha na baiskeli, kwa wa nne ni mguu wa kiti. Chuma hakikuchagua hata moja kati ya hizo. Pipa la Kamukunji lilituuliza swali hili kwa upole; kiti cha Kester chatuuliza kwa damu. Aristotle angetwambia tutazame kusudi, nasi tukilitazama tunagundua kwamba kusudi halikai ndani ya chuma. Linakaa ndani yetu, nasi twaweza kulibadili.

Sasa nifike shuleni. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliipa Sanaa na Ufundi nafasi katika shule za msingi, hata ukaitahini. Baadaye somo hilo likaondolewa katika mtihani wa KCPE, na sote twajua hatima ya somo lisilotahiniwa: kipindi chake huliwa na hisabati. Leo mtaala wa umilisi umeirejeshea sanaa bunifu heshima yake na kuifungulia mkondo wake katika sekondari pevu. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, kubadilisha jina la ratiba si kubadilisha jicho.

Nimeyaona kwa macho yangu. Mtoto anaagizwa aunde kitu kwa vifaa vya mtaani. Mama, ambaye amerudi kazini saa mbili usiku, anampigia fundi simu. Asubuhi mtoto anakwenda shuleni na kitu kizuri kilicholehemiwa vyema, kimepakwa rangi, na mwalimu, ambaye ana wanafunzi 70 na hana muda wa kuuliza, anampa alama za juu. Alama ni za kweli, kazi si ya kweli. Mtoto yule ametoka katika somo la sanaa akiwa amejifunza kwamba kinachotakiwa duniani ni kile kinachoonekana mezani, na kwamba habari iliyo nyuma yake haimhusu mtu. Huyo ndiye tunayemwandaa kuja kuwa Frobenius mwingine: msomi, mwenye kitu mkononi, asiyekiona.

Najua jibu litakalotolewa. Patasemwa kwamba shule haina chaki, sembuse shaba. Kwamba mzazi anataka kazi kwa mwanawe, wala hataki falsafa. Sibezi hoja hizo, zimetoka kwa watu wenye shida za kweli. Lakini somo ninalolitetea haligharimu tanuri. Linagharimu kitu kimoja mezani na dakika 40. Iweke bati kuukuu la bia, au kufuli lililovunjika, au jiko la Kamukunji, uwaulize wanafunzi maswali manne: Hiki ni nini? Kilikuwa nini kabla? Nani alikifanya, na kwa kusudi gani? Nani mwingine angekiona kuwa kitu tofauti, na angekiona hivyo kwa sababu gani? Waandike majibu yao kwa Kiswahili sanifu. Utakuwa umefundisha insha, historia, kemia na uraia kwa pamoja. Na kuhusu kazi, mwajiri gani asiyemtaka kijana anayeweza kuona kwamba chuma chakavu bado hakijamaliza safari yake? Jua kali yote imejengwa juu ya jicho hilo.

Tena watoto wetu huanza safari wakiwa nalo. Ni nani kati yetu, aliyekulia kijijini, asiyekumbuka gari la waya? Mtoto wa miaka minane aliokota waya, akaupinda kwa meno na kwa jiwe, akatia magurudumu ya vifuniko au ya vipande vya ndala, akaongeza usukani mrefu wa fito, akakimbia nalo barabarani akinguruma. Gari lile halikuwa na mwili; lilikuwa mistari tu, na kati ya mistari hiyo palikuwa na hewa. Hata hivyo hapakuwa na mtu aliyekosea akalidhani ni kitu kingine. Kila jirani aliweza kukuambia kama ni basi, lori au matatu. Mtoto yule alikuwa amelitazama basi lililopita, akatafuta ni nini hasa kinacholifanya basi liwe basi, akaacha mengine yote. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni falsafa.

Kisha tukampeleka shule, na siku ya kwanza tukamwambia alitupe lile gari nje ya lango. Mwalimu mwenzangu, kesho ukimwona mmoja amelificha nyuma ya darasa, usimpokonye. Mwite mbele, lisimamishe mezani, uwaulize wenzake ni nini.